Mizani Ikigoma: Madai Sita ya Kupuuza

Miezi ya mwanzo mambo huenda vizuri. Sukari imepungua kwenye chai, chapati zimebaki za Jumapili, suruali zinapwaya. Kisha mizani inagoma. Wiki hii kilo zile zile, wiki ijayo zile zile, inayofuata imeongezeka nusu kilo. Hapo ndipo washauri hujitokeza, kazini, gym na kwenye makundi ya WhatsApp, kila mmoja na maelezo yake. Hasara kubwa ya maelezo hayo ni kumfanya mtu aache jambo lililokuwa linamfaa. Tuyachukue moja moja.

1. "Mwanzo ulipungua kilo nne kwa wiki mbili. Sasa hupungui, basi njia yako imekwisha nguvu."

Kilo za mwanzo hazikuwa mafuta matupu. Mwili huweka akiba ya wanga, yaani glikojeni, kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takribani gramu tatu za maji. Ukipunguza ugali na wali, akiba inashuka na maji yanatoka. Anayelinganisha mwezi wa nne na wiki ya kwanza analinganisha mafuta na mkojo.

Isitoshe, mwili mdogo hutumia nishati kidogo. Aliyetoka kilo 95 hadi 83 habebi tena zile kilo 12 kila anapopanda ngazi. Chakula kilichompunguza mwanzoni sasa kinamtosha. Njia haijafeli, imefika mwisho wa kazi iliyopangiwa.

2. "Mwili umeingia hali ya njaa. Ukila kidogo ndiyo unanenepa."

Dai hili lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana halifi. Mwaka 2016, timu ya Kevin Hall wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ilichapisha matokeo ya kuwapima washiriki 14 wa The Biggest Loser, shindano la televisheni la kupunguza uzito. Miaka sita baada ya shindano, miili yao ilitumia takribani kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa ukubwa wao. Lakini hao walikuwa wamepoteza wastani wa kilo 58 kwa wiki 30, jambo ambalo wengi wetu hatulikaribii.

Tena, mwili kubana matumizi hakugeuzi njaa kuwa mafuta. Mwaka 1944 hadi 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwalisha nusu shibe vijana 36 waliojitolea, kwa wiki 24. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Hakuna aliyenenepa kwa kula kidogo.

Kinachotokea mara nyingi ni kwamba chakula hurudi kimyakimya. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwachunguza watu waliosema hawapungui hata wakila chini ya kalori 1,200 kwa siku. Walipopimwa, ilionekana hesabu zao ziliacha nje asilimia 47 ya walichokula. Hawakuwa waongo, jicho ni kipimo kibovu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, na anayemimina kutoka kwenye dumu hajui amemimina vijiko vingapi. Pima mafuta kwa kijiko wiki moja, andika na karanga ulizotafuna ukisubiri daladala. Huenda jibu likajitokeza lenyewe.

3. "Ongeza mazoezi, utapungua tu."

Jibu lipo kwetu. Mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Wanaume huwinda, wanawake huchimba mizizi, wote hutembea sana. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa miili, nishati waliyotumia kwa siku ilifanana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Mwili unaohangaika sana huelekea kubana matumizi mahali pengine.

Usiache mazoezi kwa sababu hiyo. Yanashusha presha na sukari, yanalinda misuli, na yanasaidia kilo zilizoondoka zisirudi. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Yafanye kwa faida hizo, usiyafanye kama adhabu ya chapati.

4. "Kunywa chai ya kusafisha tumbo."

Nyingi ya chai hizi zina sanamaki, dawa ya kuharisha inayofanya kazi kwenye utumbo mpana. Kalori zimeshafyonzwa kabla, kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na choo, pamoja na madini ambayo mwili unayahitaji. Mizani itashuka kesho na kupanda keshokutwa.

5. "Inatosha, utaonekana mgonjwa."

Hili husemwa kwa upendo. Kizazi kilichoona UKIMWI ukimaliza watu miaka ya 1980 na 1990 kina sababu ya kuogopa kukonda. Na kweli, anayepungua bila kukusudia aende hospitali haraka. Ila aliyepunguza kwa makusudi ana hoja ya kuwajibu shangazi zake. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 uliwapa watu waliokaribia kupata kisukari lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Waliougua kisukari walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko wasiofuata mpango huo. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na ushee. Wengi wanaolalamika kwamba wamekwama wameshavuka hapo.

6. "Tatizo lako huna nia."

Nia hupanda na kushuka kwa kila mtu. Ratiba ndiyo hubaki. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya. Jambo lilichukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea, wengine siku 18, wengine makadirio yalifika 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kazi.

Kwa hiyo hesabu unachokimudu: siku ulizotembea, sahani zilizojaa mboga. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani; kisizidi nusu ya urefu wako. Chumvi, hedhi na choo kigumu vinaweza kuficha mafuta yaliyopungua, hivyo tazama wastani wa wiki, usitazame namba ya asubuhi moja. Kama unatumia insulini, dawa za steroidi au baadhi ya dawa za sonona, muulize daktari, wala usiziache mwenyewe.

Ukitaka kushuka zaidi, punguza kidogo unachokula leo. Ukichoka, baki ulipo miezi michache. Kutorudi ulikotoka ni ushindi kamili. Jambo moja tu usilifanye: kurudi kula kama zamani kwa hasira ya mizani.