Staa Kafungua Bustani Kisarawe, Tovuti Inang'aa, Wateja Hawaonekani!

Jina tuliache, ila watu wa mjini wanamjua. Staa mmoja wa Dar, mwenye wafuasi kibao Instagram, alinunua eneo Kisarawe, upande wa msitu wa Kazimzumbwi, akajenga bustani ya mapumziko: vibanda vya makuti, nyama choma, michezo ya watoto na uwanja wa send-off. Pazuri kweli. Akalipia na tovuti. Siku ya ufunguzi magari yalijaa hadi barabarani. Miezi michache baadaye, Jumamosi inapita na familia mbili tatu, na vijana wa kijijini walioajiriwa pale wanapunguzwa mmoja mmoja.

Maneno ni mengi. Eti karogwa, eti kafulia, eti Kisarawe mbali. Mbali wapi? Ukitoka Gongo la Mboto ukapita Pugu, umefika. Tatizo liko kwenye tovuti yenyewe.

Ukiifungua inaanza kula bando: video ya staa anashuka kwenye gari. Zinafuata picha zake kumi na maneno kuhusu ndoto iliyotimia. Kiingilio ni kwa kichwa au kwa gari? Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa? Ukishuka daladala, bodaboda ni shilingi ngapi? Mvua ikinyesha, njia inapitika? Kimya. Chini kabisa: "Bei njoo DM." Na DM yenyewe imejaa salamu za mashabiki, kwa hiyo mwenye hela ya send-off anapotelea humo humo.

Sasa hamia barabara ya Morogoro, hadi Kibaha. Kuna mama mmoja anauza vifaranga, wala hana umaarufu wowote. Tovuti yake ni ukurasa mmoja, na sura yake haimo. Juu kabisa kuna aina ya vifaranga, umri, bei na idadi ya chini ya kununua. Zinafuata chanjo walizopata, tarehe ya kundi linalofuata, na siku za kupeleka mzigo Mlandizi na Chalinze. Lipa Namba ipo, pamoja na jina litakalotokea kwenye simu ya mteja, asidhani anatapeliwa. Ukibonyeza WhatsApp, ujumbe wa oda umeshaandikwa, unajaza idadi tu. Siri yake ndogo: swali likiulizwa na wateja watatu, jibu lake linaingia kwenye ukurasa.

Hapo ndipo mastaa wengi wanapochemka. Umaarufu unaleta wageni, lakini mgeni hageuki mteja kwa kuangalia sura ya mwenye mali. Anaogopa mambo mawili: kutapeliwa, na kuumbuka mbele ya familia kwa bei asiyoimudu. Kumfichia bei ni kumwongezea hofu zote mbili.

Watetezi wake wanasema bei ya hafla inategemea idadi ya watu. Sawa, andika "kuanzia" na taja kilichomo. Halafu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe, aseme anapatikana wapi, anauza nini na kwa bei gani. Kwa hiyo hili si suala la ustaarabu tu.

Kabla ya kumlipa fundi mwingine, staa akae na DM zake 100 za mwisho za watu waliouliza huduma, ahesabu maswali. Matano yanayojirudia zaidi ndiyo ukurasa wa mbele. Aweke ramani, tarehe ambazo uwanja uko wazi, na picha nyepesi zinazofunguka hata kwenye simu ya bei ndogo. Na apige picha choo, kikiwa safi. Kwa mama mwenye watoto watatu, hiyo picha moja inashinda zake zote kumi.

Wale vijana wa Kisarawe hawana mashabiki wa kuwafariji. Wanasubiri wateja tu.

Wadau, mnasemaje? Mkikuta "bei njoo DM", mnaenda au mnapita?