Tarakilishi Isichinjwe kwa Kosa la Aikoni

Mwenzenu nina dukuduku moyoni, na leo sina budi kulitoa.

Likizo ya Agosti nilimkuta mama ameshika tama mbele ya tarakilishi yetu ya mezani, inayotumia Windows 10. Mama ni mwekahazina wa chama cha akina mama mtaani. Hesabu zote za chama, nani katoa na nani kakopa, zimo humo. Mkutano ulikuwa Jumapili, naye alitaka kuwatumia wenzake taarifa kwa baruapepe. Lakini lo! Ile aikoni ya waifai inayokaa karibu na saa ilikuwa imetoweka. Mahali pake palikuwa na kitufe chenye alama ya kukosa mtandao.

Fundi mmoja akaitwa. Alitazama dakika mbili tu, akasema, "Mama, hii ni ya kufomati. Leta elfu moja na mia tano."

Kufomati ni kufuta kila kitu! Nikauliza, "Na hesabu za mama je?" Akajibu eti hizo ziende tu, tununue daftari jipya. Jamani! Mama angewaambia nini wanawake wenzake? Nani angeamini kwamba pesa zipo, ni hesabu tu zilizopotea?

Nikamwomba mama anipe hadi jioni. Kwanza nilinakili faili zote za chama kwenye flashi. Kisha nikaanza kuuliza maswali, moja baada ya jingine. Je, mtandao umekatika kweli? Maana wakati mwingine aikoni hujificha tu na kurasa zinafunguka vizuri. Hapo dawa ni kuiwasha tena katika mipangilio ya upau wa chini. Nilijaribu kufungua ukurasa, ukakataa. Simu ya mama, kwa waifai ile ile, ilifungua. Basi kosa halikuwa la mtandao, lilikuwa la tarakilishi.

Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika ncpa.cpl. Hapo huonekana aikoni ya kila kifaa cha mtandao. Ya waya ilikuwapo, ya waifai haikuwapo. Nikafungua Device Manager. Kumbe! Kile kidude cha waifai kilichochomekwa nyuma ya mashine kilikuwa na pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao. Maana yake, kidude hicho kina tatizo, na mara nyingi ni programu inayokiendesha yenye kasoro. Nikakiondoa kwenye orodha, lakini sikutia alama kwenye kile kisanduku cha kufuta programu yake, kwani ningeifuta ningehitaji mtandao kuipata tena. Nikaizima mashine na kuiwasha upya. Aikoni hiyoo, imerudi! Mama alicheka hadi machozi.

Sasa maoni yangu ni haya. Kwanza, fundi atuambie ugonjwa kabla ya kutaja dawa. Sisemi mafundi wote ni wabaya, la hasha! Wapo wanaofanya kazi safi. Wala sikatai kwamba mara nyingine kufomati kunahitajika, kwa mfano mfumo ukiharibika kabisa. Lakini hiyo iwe hatua ya mwisho, tena baada ya kunakili faili. Hakuna daktari anayekata mguu kwa sababu ya mwiba.

Pili, tuweke nakala kabla mambo hayajaharibika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu, na hili latuhusu sisi wanachama: tunasoma somo la tarakilishi kwa Kiingereza, tunapita mtihani, kisha nyumbani tunashindwa kumweleza mzazi kosa liko wapi. Mama hakukosa akili. Alikosa mtu wa kumweleza kwa lugha anayoielewa. Nilipomwambia, "Mama, mashine haikioni kile kidude cha nyuma," alielewa papo hapo. Siku hizi anajua kufungua orodha ile mwenyewe.

Basi wenzangu, likizo ijayo ukikuta mzazi ameshika tama, usikimbilie simu ya fundi. Keti naye, ulizeni maswali pamoja. Kuuliza si ujinga.

Mwanachama, Kidato cha Tatu