Anayekuja kwa watoto wetu naye alete cheti

BARAZANI
Na Elinami Mshana

Likizo ya Juni inapokaribia, sharika nyingi huanza maandalizi ya kambi ya watoto. Walimu wa Sunday School hupanga nyimbo, akina mama huhesabu magunia ya mchele, na vijana hutafuta mahema ya kuazima. Katika baadhi ya sharika hutolewa pia tangazo linalopokelewa kwa vigelegele: mwaka huu tutakuwa na wageni kutoka ng'ambo watakaotusaidia kambini. Mimi pia hufurahi. Mtu anayeacha kwao, akapanda ndege kwa gharama yake ili kukaa na watoto asiowajua, anastahili kupokelewa vizuri. Ila kila mwaka furaha hiyo huniachia swali. Kwa nini utaratibu wetu wa kuwapokea watu hawa ni mlegevu kuliko ule wanaokutana nao vijana wetu wanapokwenda kuwahudumia watoto wa wenzetu?

Maana vijana wetu nao huenda. Wengi bado tunadhani misheni ni safari ya upande mmoja, ya kutoka Ulaya au Marekani kuja huku, lakini mambo yamekwisha badilika. United Evangelical Mission, yenye makao yake Wuppertal nchini Ujerumani, ilitokana na vyama vya zamani vya kutuma wamishonari, kikiwamo kile cha Bethel kilichofanya kazi Usambara na Bukoba. Mwaka 1996 ikageuka jumuiya ya makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani yaliyo sawa mezani, zikiwamo dayosisi kadhaa za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Kwa njia hiyo wachungaji na vijana wa kwetu hutumwa Ujerumani, na wengine hupelekwa Asia. Serikali ya Ujerumani nayo ina mpango wa weltwärts, ulioanza mwaka 2008 kwa kuwatoa vijana wao kuja kwetu, na tangu mwaka 2013 ukaanza kuwapokea vijana wa huku. Akifika kule, kijana huingia katika utumishi wa kujitolea uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2011, wakati nchi hiyo ilipoacha kuwaita vijana jeshini kwa lazima. Hupewa bima ya afya na posho ndogo, na kama yuko chini ya umri wa miaka 27 na anatumikia mwaka mzima, siku 25 ni za semina.

Kanisa analokwenda kulitumikia ni kanisa linalopungua. Mwaka 2022 pekee, watu wapatao 380,000 waliandikisha kujitoa katika makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani. Kijana wa Bukoba au Lushoto anayefika huko kuimba na watoto hatakiwi kuonekana kama mtu aliyebahatika kuiona Ulaya. Ametumwa kazi, tena kazi inayohitajika.

Nimeongea na binti mmoja aliyemaliza mwaka wake huko na kurudi Kagera. Nilimuuliza habari za kambi, na hapo ndipo uso wake ulipochangamka. Kambi ilikuwa ya siku kumi, katika nyumba iliyo pembeni ya msitu, watoto wa miaka minane hadi kumi na miwili. Jua la Julai halikuzama mpaka baada ya saa tatu usiku, na kuwalaza watoto ilikuwa vita. Hakuna mtoto aliyemwamkia shikamoo. Walimwita kwa jina lake moja kwa moja, hata wale wadogo kabisa, na siku za kwanza aliumia moyoni akidhani wanamdharau. Baadaye akaona kwamba ndivyo wanavyomwita kila mmoja, hata mchungaji. Jioni walikula mkate na jibini, akalala akitamani ndizi za kupikwa.

“Baba, ule mwanzo mimi nilikuwa naosha sahani tu na kupanga viti,” aliniambia. “Sikupewa watoto. Nilikaa pembeni, nikasikiliza.”

Nikamuuliza kama jambo hilo lilimchoma.

“Kidogo. Halafu nikaelewa. Kijerumani changu kilikuwa cha darasani. Mtoto akilia usiku, ungemwambia nini?”

Katika kuosha sahani, watoto wakaanza kumsogelea wenyewe. Wakawa wanamsahihisha lugha bila huruma, na yeye akawafundisha wimbo wa Kiswahili wenye vitendo vya mikono. Kufikia siku ya saba walikuwa wanaugombania. Mtoto mmoja, ambaye wazazi wake hawakanyagi kanisani, alimuuliza kama kweli huwa anaomba kila siku au ni kambini tu. Aliniambia kwamba jibu la swali hilo alilitoa kwa sentensi tatu, na ndizo sentensi alizozitafutia maneno kwa bidii kuliko zote katika mwaka ule.

Hata hivyo, ninayotaka msomaji ayasikie zaidi ni yale yaliyotangulia kambi hiyo. Kabla ya kuondoka Tanzania alisoma lugha kwa miezi na kufanya mtihani. Alitafuta cheti cha polisi cha kuonesha kwamba hana kosa la jinai. Alipofika, akadaiwa pia cha huko. Ujerumani ilipitisha sheria ya ulinzi wa watoto iliyoanza kutumika mwanzoni mwa 2012, na kwa mujibu wake, kazi ya kujitolea inayomweka mtu karibu na watoto, hasa ile ya kulala nao kambini, kwa kawaida hudai cheti maalumu cha rekodi ya jinai chenye upekuzi mkali kuliko cha kawaida. Wanaoongoza makundi huwa na kadi ya kiongozi wa vijana, ambayo haipatikani bila mafunzo ya saa 30 au zaidi, pamoja na huduma ya kwanza. Wanafundishwa sheria inasemaje kuhusu kumwangalia mtoto wa mtu mwingine. Kambini kwenyewe alikuta karatasi ya kila mtoto: mzio wake, dawa zake, kama anaruhusiwa kuogelea, kama wazazi wamekubali apigwe picha. Hakuruhusiwa kukaa na mtoto mmoja chumbani mlango ukiwa umefungwa. Kila usiku, watoto wakishalala, viongozi walikaa wakapitia siku nzima: nani amelia, nani hakula, nani amejitenga na wenzake.

Sasa tulinganishe na kwetu. Nimehudhuria kambi ambapo mgeni alishuka garini saa nne asubuhi na saa tano akakabidhiwa kipaza sauti na watoto mia mbili. Hakujua neno la Kiswahili zaidi ya jambo na asante. Hakuna aliyemuuliza cheti. Alasiri simu yake ilikuwa imejaa picha za watoto wetu, wengine wakiwa na nguo zilizochanika, na wazazi wao hawakuwa na habari. Mgeni yule, kwa kadiri nilivyomwona, alikuwa mtu mwema. Lakini tulimpokea kana kwamba wema wa mtu unaandikwa usoni.

Katika nchi jirani, uzembe wa namna hii umekwisha leta madhara makubwa. Mwaka 2008 Mmarekani Gregory Dow alikwenda Boito, kaunti ya Bomet, Kenya, akafungua makao ya watoto akijitambulisha kama mmishonari, na makanisa ya kwao yakamchangia. Watoto walimwita baba. Februari 2021 mahakama ya shirikisho huko Pennsylvania ilimhukumu kifungo cha miaka 15 na miezi 8 kwa kuwadhulumu kingono wasichana wanne waliokuwa chini ya ulinzi wake. Kinachouma zaidi ni kwamba mwaka 1996, miaka kumi na miwili kabla ya kufika Boito, alikuwa amekwisha kiri kosa la shambulio lenye nia ya udhalilishaji wa kingono katika jimbo la Iowa, na rekodi hiyo ilikuwapo. Cheti kimoja tu, kikiombwa na mtu mmoja tu mwenye kusisitiza, kingeliweka jambo hilo mezani. Serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika familia. Hatua nzuri, lakini wale wasichana wa Boito walikuwa wamekwisha umia.

Wapo watakaosema ninawatia wageni wote katika kapu moja. Sifanyi hivyo. Kijana wa Kijerumani anayekuja kwa weltwärts huchujwa, hufundishwa, na hukaa kati ya miezi sita na miaka miwili. Shirika linalomleta linajulikana, na yuko mtu wa kumwuliza. Wasiwasi wangu ni juu ya makundi ya wiki mbili yanayoalikwa kwa barua ya mtu mmoja kwa rafiki yake, yakafikia kwenye kambi ya watoto kwa sababu hiyo ndiyo kazi inayoonekana rahisi. Kazi hiyo si rahisi hata kidogo. Mwalimu yeyote wa Sunday School aliyekesha na mtoto mwenye homa katika bweni la shule, mbali na hospitali, anaijua.

Tena huduma ya kuwahi na kuondoka haifanani na misheni iliyotuletea Injili. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla Julai haijaisha alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Hakukimbilia kwao. Aliketi chini akajifunza Kiswahili, na katika kutafsiri kitabu cha Mwanzo alisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Mwislamu, aliyekuwa na subira ya kumsahihisha. Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, akaishi Rabai na maeneo ya jirani mpaka 1875, akaondoka akiwa karibu kipofu. Wazee hawa walikuwa na makosa yao, na baadhi ya waliyoyaandika kuhusu babu zetu yanachukiza kuyasoma. Lakini walikubali kuwa wanafunzi kwanza. Binti wa Kagera aliyeosha sahani amefuata njia hiyo kuliko mgeni aliyepewa kipaza sauti saa tano.

Najua kinachotufunga mdomo. Ni fedha. Usharika unaotarajia kisima, madawati au ada za yatima kutoka kwa rafiki wa ng'ambo huona haya kumdai mgeni karatasi. Mzee mmoja wa baraza aliwahi kuniambia kwamba kumwomba mgeni cheti ni sawa na kumwambia hatumwamini, na mgeni wa Kiafrika hatendewi hivyo. Ninamheshimu mzee huyo, ila hapa hatukubaliani. Desturi yetu ilimpa mgeni chakula, kitanda na ulinzi. Haikumpa watoto. Bibi zetu walijua vizuri nani analala chumba gani, na mgeni wa kiume, awe ndugu au rafiki, hakuachwa na watoto wa kike usiku eti kwa kuwa ameleta zawadi.

Haki pia inatudai tuanzie nyumbani. Watoto wengi wanaoumizwa huumizwa na watu wanaowafahamu, na cheti kinachodaiwa kwa mgeni kidaiwe pia kwa mwalimu wetu, kwa dereva wa basi la kambi, kwa mlinzi wa shule tunayolala. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekwisha tuwekea msingi, inampa kila mmoja wetu wajibu wa kutoa taarifa mtoto anapodhulumiwa. Maofisa ustawi wa jamii wapo katika halmashauri. Ni sharika ngapi zimewaalika waje kuongea na walimu wa kambi, hata kwa asubuhi moja? Gharama yake ni nauli na chakula cha mchana.

Upande wa vijana tunaowatuma, nao tuna deni. Tunawafanyia ibada ya kuwaaga, tunawapa kitenge na Biblia, basi. Wakirudi, tunawauliza kama wameleta simu. Binti niliyezungumza naye amerudi na ujuzi wa kuendesha kambi ambao dayosisi ingeulipia fedha nyingi kama ungeuzwa katika semina ya hotelini, na mpaka tulipoongea hakuna aliyemwomba ausimulie hata kwa walimu wa mtaa wake. Apewe wikiendi moja na walimu wote wa jimbo. Awaoneshe ile karatasi ya mtoto, wakae waitafsiri na kuirekebisha kwa mazingira yetu, waongeze malaria na chandarua, waondoe yasiyotuhusu.

Katika sharika nyingi barua za mwaliko kwa wageni wa mwaka huu bado hazijatumwa. Mchungaji na baraza la wazee wanaweza kuandika ndani yake, kwa lugha ya upendo, kwamba kila mgeni atakayekaribia watoto aje na cheti cha polisi cha nchi yake, kwamba siku tatu za kwanza atakuwa msaidizi wa mwalimu wa hapa, kwamba picha hazipigwi bila idhini ya mzazi, na kwamba kibali chake cha kuingia na kufanya kazi ya kujitolea kiwe sahihi. Wageni kutoka Ujerumani hawatashangaa wakiisoma barua hiyo. Wengi wao cheti hicho wamekwisha kitoa kwao, kwa ajili ya watoto wa kwao.