MNATAKA MSANII TAJIRI, MKILETEWA MSANII WA KWELI MNANUNA

Leo tuongee bila kupindisha. Kila ikitajwa Atlanta, ile komedi ya Marekani ya Donald Glover inayohusu biashara ya muziki, ubishi unaanza palepale. Huyu anasema ni kali kuliko zote, yule anasema kaangalia sehemu tatu hajacheka hata mara moja, kafuta kwenye simu. Alafu anatokea wa tatu na swali ambalo ndo limenifanya niandike: huyu ni msanii gani, ana ngoma inapigwa redioni na bado kafulia?

Kwa ambao hamjaicheki, mambo yako hivi. Alfred, jina la kazi Paper Boi, ni rapa wa mtaani pale Atlanta. Ngoma yake inaanza kushika. Binamu yake Earn, aliyeacha chuo cha Princeton na sasa anabangaiza uwanja wa ndege kuwashawishi abiria wachukue kadi za benki, anaona hapo kuna riziki, anaomba awe meneja. Hana pa kulala pa uhakika, anajibanza kwa mama wa mtoto wake. Asilimia yake kwenye mapato ya Alfred ni 5. Tano! Msanii akilipwa dola 1,000 kwa shoo, meneja anaondoka na 50. Piga hesabu mwenyewe hapo kodi inalipwaje.

Ilianza kuonyeshwa Septemba 2016 kwenye FX, ikaisha Novemba 2022, misimu minne, sehemu 41. Glover mwenyewe ni mwanamuziki, ameimba kwa jina la Childish Gambino, kwa hiyo hasimuliwi haya mambo, anayajua. Mwaka 2017 alibeba tuzo mbili za Emmy, ya muigizaji bora wa komedi na ya muongozaji bora wa komedi. Sa nyie mnaosema "si komedi", mshawazidi waliompa.

Ila tuzo siyo hoja yangu. Wasomi wetu wa mjini nao wanakera, wale ambao ukiwaambia sehemu fulani imekuboa wanakujibu kwa huruma kwamba hujaielewa, kama vile uliandikiwa mtihani. Mtu ana haki ya kuboeka. Komedi isiyo na vicheko vya kurekodiwa nyuma, inayotaka usubiri dakika kumi ndo ujue utani ulikuwa wapi, haiwezi kumpendeza kila mtu, na asiyependa siyo mjinga.

Ugomvi wangu ni na hili lalamiko la pili. La kufulia.

Wengi wetu kabla ya Atlanta tulikuwa tumeshiba Empire, ile ya Fox iliyoanza 2015. Mnakumbuka. Familia ya lebo, jumba, manyoya, vioo, watu wanagombea kampuni kama kiti cha ufalme. Sawa, burudani, nami nilikuwa naicheki. Ila tukaichukua kama picha halisi ya muziki. Ndo maana alipokuja Paper Boi anayeendelea kuuza bangi huku wimbo wake uko hewani, tukaona waandishi wamekosea. Hawajakosea hata kidogo. Wimbo kupigwa ni kitu kimoja, hela kuingia ni kitu kingine, na katikati pana foleni ya watu wanaosubiri kula kabla ya aliyeimba.

Angalia hata huo wimbo ulivyofika redioni. Earn ana mtu wake anafanya kazi pale, mtu huyo anamwambia ngoma kupigwa ni dola 500. Earn hana. Inabidi apenye kupitia kwa mfanya usafi ndo CD imfikie mwenye maamuzi. Kuna kijana anayerekodi studio za uswahilini Manzese au Kayole atakayesema hajaielewa hii? Ni nani hajawahi kusikia habari za "hela ya promo"? Alafu tunakaa kwenye kochi tunasema eti Wamarekani wanatia chumvi.

Na kuna ile ya kufunga msimu wa kwanza. Earn anatafuta jaketi lake siku nzima, kila alikopita usiku anarudi kuuliza. Wewe unayeangalia unajiambia lazima mfukoni mna mkwanja au simu. Kumbe alikuwa anausaka ufunguo. Siku hiyohiyo Alfred anamkabidhi mgao wake, ile asilimia 5, na sehemu kubwa anampelekea mama wa mtoto. Alafu anatembea mpaka kwenye stoo ya kukodi, zile ambazo watu hutunzia fanicha, anafungua, analala humo. Meneja wa msanii mwenye hit anaishi stoo. Kwangu hakuna dakika ya televisheni iliyowahi kuueleza huu mchezo vizuri hivyo.

Msimu wa pili, 2018, ndo unauma zaidi, na ndo uliogawa watu kuliko wa kwanza. Huku Alfred kaanza kujulikana. Unadhani maisha yanakuwa mepesi? Muuza mzigo aliyefanya naye kazi miaka anamwekea bastola na kumwibia, tena huku anamwomba radhi. Ametajwa kuwa staa kwa hiyo kila mtu anadhani zipo.

Nendeni mkaangalie ile sehemu inaitwa Woods, hata kama hizo nyingine mmezisusa. Alfred yuko na dada mmoja anayejua sana mambo ya mitandao, anamshauri ajiuze: aposti, avae, aonekane, staa hatakiwi kuishi kama mtu wa kawaida. Alfred anakataa, anataka kubaki yeye, anaondoka kwa miguu. Njiani anakutana na vijana watatu, wanamchangamkia, ni mashabiki, wanamsifia ngoma. Dakika chache baadaye haohao wanampiga na kumpora. Anakimbilia msituni, anazunguka humo anatoka damu. Na anapofika kituo cha mafuta, uso umevimba, anakuta kijana mwingine shabiki, na hapo anapiga naye selfi. Anajipanga vizuri kwa ajili ya picha!

Hapo ndo pa kutujadili sisi. Kwa sababu huyo dada hakuwa mjinga, alikuwa anatujua. Kibongobongo msanii akionekana kwenye bodaboda, picha inazunguka kabla hajashuka: "kafulia". Akirudia shati kwenye video mbili, kafulia. Akihama Mbezi Beach akaenda Kimara kwenye kodi nafuu, jambo ambalo mfanyakazi yeyote wa benki angelifanya na tukamwita ana akili, yeye kafulia. Kwa hiyo wanafanya nini? Wanaazima gari la video, wanapigia picha nyumba ya mtu, wanatengeneza kiki ya penzi wiki ya kuachia wimbo. Alafu sisi haohao tukigundua tunawaita matapeli.

Na kijana wa miaka 19 anayetazama hizo picha anaamini. Anawekewa mkataba mezani na milioni kadhaa za kuanzia, anasaini siku hiyohiyo bila kumwonyesha mwanasheria, kwa sababu kwa macho yake ile ni zawadi. Hela ya kutangulizwa mara nyingi ni deni, jamani. Video, studio, nguo, usafiri, vyote vinaweza kuandikwa kwenye daftari na kukatwa kwenye mapato yake kabla hajaona senti. Siku akitaka kuondoka ndo anajua bei ya mlango. Mnamkumbuka staa mmoja mkubwa tu wa hapa, jina siweki, aliyesema hadharani kuwa kuachana na lebo yake alidaiwa shilingi milioni 500. Siku ile tulishangaa, tukachekesha wiki nzima, tukahamia kwenye habari nyingine.

Sasa komedi inayokuonyesha haya kwa nusu saa nusu saa ndo unaiita haina ladha kwa sababu jamaa hana jumba?

Pa kulalamikia papo, tena pakubwa. Mashabiki walisubiri miaka minne, msimu wa tatu ukaja Machi 2022, genge liko Ulaya kwenye ziara, na kati ya sehemu 10 nne ni hadithi za pembeni zenye watu wengine kabisa. Waliokasirika hapo nawaunga mkono mia kwa mia. Ukimtengenezea mtu hamu ya Paper Boi, mpe Paper Boi. Na Van, mama wa mtoto, kwa misimu yote anaandikwa kama mgeni kwenye habari ya wanaume watatu, wakati yeye ndo aliyekuwa analipa bili huku Earn akihangaika na asilimia 5 yake. Hiyo ingeweza kuwa komedi ya peke yake na mimi ningeiangalia kwanza.

Mngenuna kwa hayo tungekuwa upande mmoja. Lakini karibu kila ubishi ninaokutana nao unarudi kulekule kwa stoo na bangi na nguo zile zile. Msimu wa nne Earn ana hela, anaheshimika, kazi zinakuja zenyewe. Wengi wenu hamkufika huko. Mliishia njiani mkisubiri gari.