Ubuyu wa rangi: tuambiane ukweli (Sehemu ya 5)

Mama zangu wa Hombolo, leo mtaninuna, lakini nasema. Ule ubuyu mwekundu wa pakiti tunaomumunya toka asubuhi ni sukari na rangi iliyopakwa juu ya mbegu.

Utanijibu: "Nesi, ubuyu si una vitamini C?" Unayo, kwenye ule unga mweupe wa mibuyu yetu hii hii ya Dodoma. Sukari imeongezwa jikoni, mbuyu usisingiziwe.

Tena ubuyu hautafunwi ukaisha, unamumunywa. Bakteria wa mdomoni wanageuza sukari kuwa asidi inayotoboa meno. Punje baada ya punje mchana kutwa, meno yatapumzika saa ngapi?

Kinachoniudhi zaidi ni hiki: mtoto hajafika miaka miwili, akilia kidogo anapewa punje "anyamaze". Punje hiyo inaweza kumkaba! Jioni akikataa uji, unasema hana hamu ya kula. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi: watoto wa miezi 6 hadi 23 wasipewe vyakula vyenye sukari nyingi.

Usiniambie "mtoto anaupenda". Mtoto hana hela, anayenunua ni wewe.

Sijasema tuache, hata mimi naupenda. Chota kidogo baada ya kula, funga pakiti, weka juu ya kabati, kunywa maji. Mdogo mkorogee unga mweupe wa ubuyu kwenye uji, bila sukari. Atazoea.