Pimeni betri, acheni hotuba

Kila nikisoma habari za sola nakutana na wimbo ule ule: utafiti unaendelea ili paneli ziwe za bei nafuu zaidi. Jamani, paneli zimeshashuka bei! Huku Mlolongo sijasikia mtu akilia na paneli. Tunalia na betri.

Stima ilipopotea karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, niliapa sitategemea tena nguzo ya barabarani. Nikanunua paneli, kontrola na betri iliyoandikwa ubavuni Ah 100. Wiki ya kwanza tu, saa tatu usiku, kompyuta ikazima. Fundi akasema paneli ni ndogo, niongeze nyingine. Mimi ni mtu wa kompyuta, sikubali kitu bila namba. Nikapima.

Haihitaji maabara. Nilichaji betri ikajaa kabisa, nikaifunga balbu ya gari ya wati 60. Kwa volti 12, balbu hiyo hula ampea 5 hivi. Betri ya Ah 100 ingeiwasha kwa saa 20. Nikaandika programu fupi ya kurekodi volti kila dakika mpaka zishuke hadi 10.8. Ilidumu saa 8. Yaani Ah 40!

Utasema hiyo ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Basi sikiliza. Mwaka 2004 na 2005, watafiti Arne Jacobson na Daniel Kammen walipima aina tano za paneli za amofasi zilizouzwa Kenya. Tatu kati ya tano zilitoa umeme mdogo sana kuliko ulioandikwa. Vipimo vya 1999 vilikuwa vimeonyesha ugonjwa huo huo. Matokeo yalipotangazwa, shirika la viwango, KEBS, likaanza kuchukua hatua. Kumbe namba zikitoka hadharani, watu huamka!

Wapo wanaodai kwamba kupima kutapandisha bei. Bei gani tena? Nimelipia 100 nikapewa 40, kwa hiyo kila Ah imenigharimu mara mbili na nusu. Na muuzaji mwaminifu ndiye anayeumia zaidi: kwenye rafu betri zote zimeandikwa 100, yake ni ghali, nani atainunua?

Vyuo vikuu vyetu vina wanafunzi wanaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho. Waende madukani kimya kimya kama wateja, wanunue betri, wapime, watangaze jina la kila moja na namba yake. Tena kila mwaka, maana kipimo cha 1999 peke yake hakikutosha. Sisi waandishi wa programu hujaribu upya kila tunapogusa msimbo. Kwa nini betri iaminiwe kwa stika?

Programu yangu ya kupimia naitoa bure, yeyote anayeitaka aniandikie. Wewe tafuta balbu, upime yako, kisha uniambie umepata ngapi.