Kabla ya kuchangia darasa jipya, hesabu madirisha

HUENDA umepita Murera, pande za Ruiru na Juja, ukaona ploti zikijaa nyumba. Shule za mitaa hiyo zinahitaji madarasa zaidi, hasa tangu mwaka 2023, Gredi ya 7 ilipoachwa katika shule za msingi.

Katika mikutano ya wazazi swali huwa ni moja: itagharimu pesa ngapi? Mimi kama daktari nauliza: watoto watavuta hewa gani?

Mama mmoja aliniletea mwanawe mara tatu katika muhula mmoja, kifua kimembana. Kumbe madirisha ya darasa lake yalikuwa yamezibwa kwa mabati kuzuia vumbi na kelele za barabarani. Nia ilikuwa njema, lakini kifua kikuu, surua na mafua huenea kwa hewa. Mmoja akikohoa chumbani humo, wote wamo hatarini.

Dawa yake haiuzwi dukani. Darasa liwe na madirisha makubwa kwenye kuta mbili zinazotazamana, upepo uingie huku na kutokea kule. Vumbi lizuiwe kwa ua wa miti upande wa barabara. Basi msikate miti ya zamani ili kupata nafasi!

Usiseme hayo ni ya matajiri. Mwaka 2001, Francis Kéré alijenga shule kijijini kwao Gando, Burkina Faso, kwa matofali ya udongo wa hapo hapo. Paa aliliinua juu ya dari ili joto litoke. Mwaka 2022 alipewa Tuzo ya Pritzker, ya juu kabisa kwa wasanifu majengo. Sisi tuna mawe ya Ndarugu hapa karibu.

Tahadhari nyingine ni hii: ikiwa jengo kuukuu lina paa la asibesto, lisivunjwe kwa nyundo. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Kazi hiyo ni ya wataalamu walioidhinishwa na NEMA.

Pia ulizia vyoo. Kiwango cha serikali ni choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30. Tangi la maji ya mvua liwe karibu, watoto wanawe mikono.

Kwa hivyo, mzazi, ukiitwa mkutanoni, omba kwanza kuona ramani. Hesabu madirisha, hesabu vyoo, ndipo utoe mchango wako. Utaokoa pesa nyingi za hospitali.